Mwongozo kamili wa kuanzisha klabu ndogo ya judo katika kijiji cha Unguja au Pemba

Klabu nyingi za judo, karate na taekwondo zinazoanzishwa vijijini hufa kwa namna moja. Kijana mwenye mkanda anarudi kwao kutoka mjini au Bara, anakusanya watoto arobaini chini ya mwembe, wiki ya kwanza wanaangushana mchangani, mwezi wa pili mtoto mmoja anavunjika mkono, wazazi wanawatoa watoto wao, na sheha anauliza ni nani aliyeruhusu jambo lile. Kijana huyo hakukosa ujuzi wala nia. Alichokosea ni mpangilio: alianza na kile ambacho kingepaswa kuja mwisho.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ulio sahihi, yaani ruhusa kwanza, kisha sakafu, kisha ratiba, kisha kuanguka, na ndipo kuangusha. Nimechagua judo kwa sababu ndiyo yenye masharti magumu zaidi ya sakafu na usalama. Anayetaka kufundisha karate au taekwondo anaweza kufuata hatua hizi hizi na kulegeza ile inayohusu sakafu, kwa kuwa michezo hiyo haimwangushi mtu chini kila dakika.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza lolote

- Mwalimu mwenye mkanda mweusi, au mwenye mkanda wa kahawia anayefanya kazi chini ya usimamizi wa klabu kubwa, pamoja na msaidizi mmoja mtu mzima.
- Eneo lenye paa na kivuli, lisilo na nguzo katikati, linalotosha sakafu ya mazoezi (mita 6 kwa 8 ya tatami, au mita 5 kwa 6 ya vumbi la mbao) pamoja na mita moja na nusu iliyo wazi kila upande.
- Tatami (magodoro magumu ya kuangukia) 24 za mita 1 kwa 2 zenye unene wa sentimita 4, au vifaa vya kutengenezea sakafu ya vumbi la mbao na turubai kama ilivyoelezwa katika hatua ya 3.
- Mavazi ya judo kwa angalau nusu ya wanafunzi, maana wawili wanaweza kupokezana vazi moja mwanzoni.
- Madaftari matatu: la mahudhurio, la fedha na la ajali.
- Sanduku la huduma ya kwanza lenye bandeji, gauzi, plasta, glovu, mkasi na kitambaa cha pembetatu cha kufungia mkono. Nusu ya kanga iliyokatwa mshazari inafaa kabisa kwa kazi hiyo.
- Mahali pa uhakika pa kupata barafu. Katika vijiji vya pwani barafu ipo kwa wanunuzi wa samaki. Zungumza nao mapema ili siku ya ajali usianze kujieleza.
- Simu yenye salio, na namba za dereva wa gari na za zahanati zilizoandikwa ukutani kwa herufi kubwa.

Ikiwa huna kitu cha kwanza katika orodha hii, simama hapo. Video za intaneti zinaweza kumkumbusha mwalimu mbinu aliyoisahau, lakini haziwezi kumfanya asiyejua kuanguka awe mwalimu wa kuanguka.

## Hatua ya 1: Pata ruhusa kuanzia chini kwenda juu

Anza kwa sheha. Mpelekee barua ya ukurasa mmoja inayosema jina la mchezo, mahali, siku na saa, umri wa wanafunzi, jina la mwalimu na nani atakayewajibika mtoto akiumia. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiacha, na ndiyo sheha anayoisoma kwanza, kwa sababu mzazi akilalamika ataanzia kwake.

Jiandae kwa swali moja litakaloulizwa na wazee karibu kila mahali: je, huu si mchezo wa ngumi? Swali hilo lina msingi wake. Ndondi zilipigwa marufuku Zanzibar tangu miaka ya 1960, na ziliruhusiwa tena mwaka 2022 tu, hivyo watu wazima wengi wamekua wakijua kwamba kupigana kwa ngumi si mchezo unaokubalika hapa. Jibu liwe la wazi na la adabu: katika judo hakuna ngumi wala teke, mchezaji humshika mwenzake nguo na kumwangusha au kumdhibiti chini, na anayepiga huondolewa mchezoni. Ikiwezekana, waonyeshe wazee kwa macho yao badala ya kueleza kwa maneno.

Baada ya sheha, nenda kwa mwalimu mkuu wa skuli na kwa maalim wa chuo cha Kurani kilicho karibu. Hapo litazuka jambo la kuinama, na ni afadhali ulitaje wewe kabla hujaulizwa. Katika judo ya kawaida wachezaji huinamiana wakiwa wamesimama na pia wakiwa wamepiga magoti, na katika kumbi nyingi duniani picha ya Jigoro Kano, aliyeanzisha mchezo huu mwaka 1882, hutundikwa ukutani na wanafunzi huinama wakiielekea. Mzazi anayeona mtoto wake anapiga magoti na kuinamisha kichwa mbele ya picha ana haki ya kuingiwa na wasiwasi.

Ufumbuzi ni mwepesi. Usitundike picha yoyote. Acha kabisa kuinama kwa magoti. Katika mazoezi ya kila siku tumia salamu ya kupeana mikono, au ya kuweka mkono kifuani. Waeleze wazazi kwamba kwenye mashindano rasmi mchezaji hutakiwa kuinama kidogo akiwa amesimama, kama alama ya kumheshimu mpinzani, na kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa mashindanoni bila mzazi wake kulijua na kuliridhia hilo. Maalim akiambiwa mapema huwa mlinzi wa klabu. Akisikia kwa watu, ataizungumza msikitini kwa namna alivyoisikia.

Kisha nenda kwa afisa michezo wa wilaya, ambaye atakuelekeza kuhusu usajili na kukuunganisha na Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar na chama cha judo. Andaa katiba fupi, orodha ya viongozi na barua ya sheha. Usajili huchukua muda wake. Usiufanye kuwa sababu ya kukaa bure, bali tumia muda huo kujenga sakafu.

Hatua hii imekamilika pale sheha, mwalimu mkuu na maalim, kila mmoja kwa wakati wake, wanapoweza kueleza klabu yako ni ya nini bila wewe kuwapo.

## Hatua ya 2: Chagua eneo

Darasa linalotumika asubuhi tu, ukumbi wa jamii, ghala tupu la karafuu au banda la makuti, vyote vinafaa. Angalia mambo matatu: paa lisilovuja, kuta au nguzo zilizo umbali wa mita moja na nusu kutoka ukingo wa sakafu ya mazoezi, na njia ya hewa. Chumba kilichofungwa chenye paa la bati katika miezi ya kaskazi hugeuka tanuri, na mtoto aliyezidiwa na joto huanguka vibaya kwa sababu shingo yake imechoka.

Mlango ubaki wazi wakati wote wa mazoezi, na mzazi yeyote aruhusiwe kukaa na kutazama. Jambo hili ni la usalama wa watoto, na pia ni kinga ya mwalimu mwenyewe.

Baadhi ya walimu hutaka kutumia ufuko, kwa kuwa haulipiwi. Mchanga mkavu unafaa kwa mbio, michezo ya kuvutana na mazoezi ya nguvu. Haufai kwa kuangushana: mguu huzama wakati mwili unageuka, na kifundo au goti hujikunja. Mchanga uliolowa, ule wa chini pale maji yalipotoka, unaonekana laini kwa macho lakini ni mgumu karibu sawa na saruji.

## Hatua ya 3: Jenga sakafu

Hapa ndipo klabu huponea au kufia.

Tatami halisi ndizo bora. Zipange zikibanana, kisha zizungushie fremu ya mbao iliyofungwa kwa nguvu ili zisiachane. Nafasi ya upana wa kidole kati ya tatami mbili inatosha kumvunja mtoto kidole cha mguu. Zile nyembamba za rangi mbalimbali zinazoungana kama meno, ambazo huuzwa kwa ajili ya vyumba vya watoto, zina unene wa sentimita 1 au 2. Hizo ni za karate na kunyoosha viungo. Usimwangushe mtu juu yake.

Ikiwa fedha ya tatami haipo, iko sakafu ambayo klabu nyingi maskini duniani zimeitumia kwa miaka mingi, nayo inajengeka kwa vitu vinavyopatikana kijijini:

1. Pima eneo la mita 5 kwa 6 na ulizungushie mbao au magogo yenye kimo cha sentimita 20, yaliyopigiliwa imara. Sehemu ya juu ya mbao ifunikwe kwa vipande vya mpira wa tairi, ili anayeangukia ukingoni asikutane na kona.

2. Tandaza tabaka la makumbi makavu yaliyochambuliwa au usumba, kiasi cha sentimita 5, juu ya sakafu iliyofagiwa. Tabaka hili hupitisha hewa na kuzuia unyevu wa chini usipande.

3. Jaza vumbi la mbao kutoka kwa mafundi seremala hadi lipite ukingo wa fremu kwa kiasi cha sentimita 8. Lichekeche lote kwanza, bila kuruka hata gunia moja, kwa sababu msumari mmoja uliofichika humo utaonekana siku utakapoingia mgongoni mwa mtoto. Pitisha pia sumaku ya spika mbovu juu ya kila debe; huvuta misumari midogo ambayo chekecheke huiachia.

4. Watu kumi walikanyage kwa nusu saa wakitembea bega kwa bega, mnaongeza vumbi pale linapodidimia, mpaka liwe sawa na fremu. Baada ya siku tatu rudieni.

5. Tandika turubai nzito ya pamba, si ile ya nailoni inayoteleza, na uivute kwa kamba kupitia matundu ya pembeni mpaka isiwe na mkunjo hata mmoja. Mkunjo hunasa kidole cha mguu.

Kipimo cha sakafu ni hiki. Mtu mzima achuchumae, kisha ajiachie aangukie magoti yote mawili. Akisikia maumivu, au akisikia mlio wa sakafu ngumu chini, ongeza vumbi. Kisha atembee juu yake pekupeku: mguu ukizama hadi kuficha vidole, vumbi halijashindiliwa vya kutosha. Sakafu nzuri inapokea goti bila maumivu na inabeba mguu bila kuzama.

Mchwa na ukungu ndio maadui wa sakafu hii. Wakati wa masika funua turubai kila wiki, geuza vumbi kwa reki, na liache lipigwe na hewa siku nzima. Vumbi likianza kunuka au kushikamana madonge, litoe na kuweka jipya. Halina gharama kubwa, na mafundi wengi hufurahi kuondolewa uchafu huo karakanani kwao.

## Hatua ya 4: Panga ratiba inayofuata maisha ya kijiji

Watoto wa visiwani wana skuli, tena kwa zamu mbili katika baadhi ya maeneo, na wana chuo. Klabu inayogombana na chuo itashindwa, na inastahili kushindwa. Muda unaofaa zaidi ni kati ya Alasiri na Magharibi: anzeni saa kumi na robo, malizeni saa kumi na mbili kasorobo, ili mtoto apate kuoga na kufika msikitini. Vyuo vingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa, lakini uliza cha mtaani kwako kabla ya kuchapisha ratiba. Siku mbili kwa wiki zisizobadilika ni bora kuliko siku nne zinazohamahama.

Katika Ramadhani ondoa kuangushana mchana wote. Mfungaji aliyekauka maji hupungukiwa na umakini, na umakini ndio unaolinda kichwa. Fanyeni kikao kifupi cha mbinu za chini baada ya tarawehe kwa watu wazima, na watoto wapumzike.

Kwa watu wazima tazama bahari kabla ya kalenda. Siku za bamvua, maji yanapotoka mbali, wanawake wa mwani wako shambani kwao baharini, na wavuvi wanaokwenda dago hupotea kwa wiki nzima au zaidi. Pemba kuna pia msimu wa karafuu, ambapo nyumba nzima huwa shambani ikichuma na kuanika. Usimfute mwanafunzi kwa kukosa wakati huo. Mwandikie katika daftari la mahudhurio herufi moja ya sababu, kwa mfano K kwa karafuu na B kwa bahari, na akirejea mrudishe kwenye mazoezi ya kuanguka kwa siku mbili kabla hajaangushwa.

## Hatua ya 5: Andikisha wanafunzi wachache

Anza na wanafunzi 16, wala usizidi 20. Sakafu ya mita 5 kwa 6 hubeba jozi nne zinazoangushana kwa pamoja, basi. Wengine hukaa ukingoni wakisubiri zamu. Mwalimu mmoja na msaidizi wake hawawezi kuona zaidi ya hapo, na ajali hutokea kwenye jozi isiyotazamwa.

Fomu ya mzazi iwe ya Kiswahili chepesi na iulize: pumu, kifafa, kuzirai, mifupa iliyowahi kuvunjika, ugonjwa wa seli mundu, dawa anazotumia, na namba mbili za simu. Mzazi asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Eleza pia kanuni za klabu: mwalimu hakai na mtoto peke yake mahali pa siri, hamwandikii mtoto ujumbe wa simu bali humwandikia mzazi, na hakuna bakora. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, na mwalimu wa mchezo anapaswa kuifahamu kama anavyofahamu kanuni za mchezo wake.

Kuhusu mavazi, judogi za dukani ni ghali. Fundi cherehani wa kijijini anaweza kushona za kuanzia kwa kitambaa cha marekani kilichokunjwa mara mbili, kilichoshonwa mistari iliyokaribiana mabegani na kifuani, na ukosi wa tabaka nne. Mpelekee mfano mmoja halisi auone. Vazi lisiwe na kifungo, zipu wala mfuko: vidole hunasa humo. Limalizapo kushonwa, watu wazima wawili walivute kwa nguvu kila mmoja upande wake. Likichanika, bora lichanike hapo.

## Hatua ya 6: Wiki nne za kuanguka

Usimruhusu mtu yeyote kuangushwa kabla ya wiki hizi nne kwisha. Naandika hivi kwa msisitizo kwa sababu gharama ya kupuuza inajulikana. Nchini Japani, nyumbani kwa judo, kwenye kumbi nzuri na walimu wengi, zaidi ya wanafunzi 100 walifariki katika judo ya skuli tangu 1983. Wengi walikufa kwa majeraha ya kichwa, na wanafunzi wapya walikuwa wengi miongoni mwao. Kichwa kinachopigwa nyuma, hata pasipo jeraha la nje, kinaweza kuvuja damu ndani.

Wiki ya kwanza ni ya kuanguka nyuma. Mwanafunzi aanze akiwa amelala chali: kidevu kifuani, macho kwenye fundo la mkanda wake, mikono miwili inapiga sakafu kwa pamoja, viganja chini, ikiwa mbali kidogo na mwili na si sambamba na mabega. Kisha aanze akiwa ameketi, halafu akiwa amechuchumaa, na mwisho akiwa amesimama. Hakuna kupanda ngazi moja kabla ya ile iliyotangulia kuwa safi.

Kuna jaribio dogo ambalo halidanganyi. Mpe mtoto kitambaa, leso ya mkononi, akibane kati ya kidevu na kifua, kisha aanguke nyuma mara kumi. Kitambaa kikidondoka hata mara moja, shingo imeachia, naye arudi kwenye ngazi ya chini. Watoto wenyewe hulipenda jaribio hili na kufuatiliana kwa ukali kuliko mwalimu.

Wiki ya pili ni ya kuanguka kwa ubavu, kulia na kushoto kwa idadi sawa. Wiki ya tatu ni ya kujibiringisha mbele kupitia bega; hapa angalia mtoto anayeweka utosi chini badala ya bega, umsimamishe papo hapo. Wiki ya nne changanya zote, wakiwa wanatembea, wakisukumwa polepole na mwenzao.

Ili wasichoke, nusu ya muda wa kila kikao iwe ya michezo ya chini, hasa kumshikilia mwenzako chali kwa kesa-gatame (unaketi ubavuni pake, mkono mmoja ukimzunguka shingo) na mwenzako kujaribu kutoka. Humo hakuna kuanguka, wanatoka jasho, na wanahisi wamecheza judo kweli.

Umefaulu pale utakapomsukuma mwanafunzi kidogo bila kumwambia, naye akaanguka, akapiga sakafu, na kichwa chake kisiguse chini.

## Hatua ya 7: Wiki nane za kuangusha kwa utaratibu

Anza na o-goshi, mbinu ya kuangusha kwa nyonga, kwa sababu anayeangusha humkumbatia mwenzake kiunoni na kumsindikiza mpaka chini. Anayeangusha lazima aendelee kuvuta mkono wa nguo wa mwenzake hadi mwisho. Mvuto huo ndio unaoinua kichwa cha anayeanguka. Atakayeachia mkono huo arudishwe kwenye mazoezi ya kuingia bila kuangusha, kwa siku nzima ile.

Osoto-gari, ile ya kufyeka mguu kwa nyuma, huwavutia watoto kwa kuwa ni rahisi kufahamika. Iweke mwisho kabisa. Anayeangushwa kwa mbinu hiyo huenda moja kwa moja kwa kisogo, nayo imehusika mara nyingi katika majeraha ya kichwa ya wanafunzi wapya. Mbinu za kukaba shingo na za kukunja kiwiko zisifundishwe kwa watoto kabisa katika mwaka wa kwanza.

Panga jozi kwa uzito, kisha kwa uzoefu, na umri uje mwisho.

## Wasichana na wanawake

Wapange kikao chao chenyewe, chenye mwalimu au angalau msaidizi mwanamke, na mlango wao uwe na pazia badala ya kufungwa. Ndani ya judogi wavae fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana. Kifuniko cha kichwa kiwe cha kitambaa laini kinachovutika, kisicho na pini, fundo wala ncha inayoning'inia shingoni. Wojdan Shahrkhani wa Saudi Arabia alicheza judo katika Olimpiki ya London mwaka 2012 akiwa na kofia maalumu iliyokubaliwa kwa mashindano hayo, kwa hiyo mzazi akikuambia kwamba haiwezekani, una mfano wa kumtajia.

Usiwaache wasichana mpaka "klabu itakapokua". Wakiingia mwaka wa pili watakuta mavazi, muda na sakafu vimeshagawanywa kwa wavulana.

## Hatua ya 8: Usafi wa ngozi

Mapunye na upele huenea kwenye sakafu ya judo haraka mno. Kila kikao kianze kwa kukagua kucha, vichwa na mikono. Mwenye doa la mviringo linalowasha anaketi kando mpaka atibiwe, bila kutangazwa mbele za wenzake. Miguu ioshwe mlangoni kwa ndoo na kata. Kandambili zibaki ukingoni, na anayekwenda chooni azivae. Tatami zifutwe kila baada ya kikao kwa jiki kikombe 1 katika vikombe 30 vya maji, kisha kwa maji safi. Turubai ya pamba ianikwe juani.

## Hatua ya 9: Jiandae kwa ajali

Aliyepigwa kichwa, hata akisema hana kitu, harudi mazoezini siku hiyo. Akitapika, akichanganyikiwa, akilalamika kichwa kinazidi kuuma, akisinzia isivyo kawaida au mboni zake zikitofautiana, anapelekwa hospitali wakati uleule, na mzazi anaambiwa ukweli wote. Aliyeumia shingo hanyanyuliwi wala hageuzwi; mtu mmoja amshike kichwa kisisogee mpaka msaada ufike.

Wanaofundisha katika visiwa vidogo kama Kojani, Makoongwe au Tumbatu wana jukumu la ziada. Patana na nahodha wa boti mapema, tena kwa maandishi, nani atakayemvusha majeruhi na nani atalipia mafuta. Jua maji yakitoka sana chombo kinaelea wapi, na siku ambazo chombo hakiwezi kutoka jioni, fanyeni mazoezi ya chini tu.

Kila ajali iandikwe siku ileile: tarehe, jina, mbinu, mwenza, kilichofanyika. Mbinu moja ikionekana mara tatu katika daftari hilo, iondoe kwenye mafunzo kwa muda.

## Hatua ya 10: Fedha na mtihani wa kwanza

Mwekahazina asiwe mwalimu. Ada iwe ndogo, ilipwe kwa mwezi, stakabadhi itolewe, na ukurasa wa mapato na matumizi ubandikwe ukutani kila mwisho wa mwezi. Mtoto wa mzazi asiyeweza kulipa apewe kazi ya kufagia au kuanika turubai kwa zamu zilezile za wengine, bila alama yoyote ya kumtofautisha.

Mtihani wa mkanda wa manjano ufanyike baada ya miezi minne hivi, mbele ya mtahini kutoka nje ya klabu, kupitia chama. Alika wazazi, sheha na maalim. Theluthi moja ya alama iwe ya kuanguka. Asiyekuwa tayari aambiwe wiki mbili kabla, faraghani pamoja na mzazi wake, na apewe tarehe nyingine. Kabla ya kutangaza siku, angalia mwandamo wa mwezi, ili mtihani usiangukie bamvua na kuwanyima akina mama wa mwani nafasi ya kuwaona watoto wao.